Kituo cha hali ya hewa kijijini: Kununua ni rahisi, kazi ni kukitunza

MKULIMA wa kijiji cha Robanda, wilayani Serengeti, mkoani Mara, hukabiliwa na uamuzi mgumu kila msimu unapoanza. Mvua ya kwanza imenyesha usiku, asubuhi udongo umelowa, na jirani ameshatoa maksai kwenda shambani. Je, naye apande mahindi siku hiyo hiyo, au asubiri mvua ya pili?

Akipanda na mvua ikaendelea, atakuwa amewahi msimu. Akipanda na mvua ikakatika kwa wiki mbili, mbegu iliyochipua itakauka, naye atalazimika kununua nyingine na kuanza upya. Akisubiri mno, mahindi yatachelewa kukomaa na kukaa shambani muda mrefu zaidi, katika kijiji ambacho tembo hawaulizi mwenye shamba ni nani.

Redioni ametangaziwa kuwa mvua za mikoa ya ukanda wa Ziwa Victoria zinatarajiwa kuwa za wastani hadi juu ya wastani. Taarifa hiyo ina manufaa yake, lakini inazungumzia eneo linaloanzia Kagera hadi Mara. Haimwambii ni milimita ngapi zimeingia katika ardhi ya Robanda tangu juzi.

Pengo hilo kati ya utabiri wa kanda na shamba la mtu mmoja linaweza kupunguzwa na kituo kidogo cha hali ya hewa kijijini. Teknolojia ya kukijenga ipo, tena imekuwa ikishuka bei. Swali la kiuchumi ni jingine: kituo kitakachozinduliwa leo kwa ngoma na hotuba kitakuwa bado kinafanya kazi baada ya miaka mitano?

Robanda si Musoma

Robanda ipo kusini mwa mji wa Mugumu, makao makuu ya wilaya, karibu na Fort Ikoma, kwenye mpaka wa kaskazini-magharibi wa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Wakazi wake, wengi wakiwa Waikoma, hulima mahindi, mtama, ulezi na mihogo, na hufuga mifugo.

Kituo cha hali ya hewa kinachotegemewa kwa taarifa za mkoa wa Mara kipo Musoma, kando ya ziwa. Kutoka hapo hadi Robanda ni zaidi ya kilomita 100 kwa mstari ulionyooka. Umbali huo si mdogo kwa mvua za eneo hili. Usiku, mawingu makubwa hujengeka juu ya Ziwa Victoria. Mchana, upepo wa ziwa husukuma hewa yenye unyevu kuelekea nchi kavu na kuchochea radi na mvua za alasiri huko ndani. Hivyo Musoma inaweza kulowa asubuhi wakati Robanda ni kavu, na Robanda ikapata mvua kubwa jioni ambayo Musoma haikuiona kabisa.

Aidha, mvua katika mfumo wa ikolojia wa Serengeti hupungua sana kadiri mtu anavyosafiri. Tambarare za kusini-mashariki, zilizo nyuma ya milima ya Ngorongoro, hupata takribani milimita 500 kwa mwaka, wakati upande wa kaskazini-magharibi hupata zaidi ya milimita 1,000. Kijiji kilicho katikati ya tofauti kama hiyo hakiwezi kukisiwa kwa kutazama kituo kimoja cha mbali.

Jambo la kushangaza ni kwamba tofauti hiyo inajulikana kwa sababu ya wanyama. Tangu miaka ya 1960, watafiti na askari wa hifadhi waliweka vipima mvua katika maeneo mengi ya Serengeti ili kuelewa kwa nini nyumbu huhama. Mwaka 1975, watafiti Norton-Griffiths, Herlocker na Pennycuick walichapisha uchambuzi wa mpangilio wa mvua katika mfumo huo. Mvua ya nyumbu ilipimwa na kuandikwa mapema. Mkulima aliye ng'ambo ya mpaka wa hifadhi naye anastahili hesabu ya namna hiyo kwa ajili ya mahindi yake.

Wapo wanaoweza kudhani kuwa mipango ya kimataifa itaziba pengo hili. Mwaka 2021, Shirika la Hali ya Hewa Duniani (WMO) lilipitisha mtandao wa msingi wa vituo unaozitaka nchi ziwe na kituo cha nchi kavu angalau kila kilomita 200. Kiwango hicho kimewekwa kwa ajili ya kompyuta kubwa zinazotabiri hali ya hewa ya dunia nzima. Wingu la radi la alasiri linaweza kuwa na upana wa kilomita chache tu. Kati ya vituo viwili vya WMO, mawingu mengi ya aina hiyo hupita bila kuonekana na chombo chochote kilichopo ardhini.

Milimita moja ina thamani gani?

Kwa watu wengi, milimita ni lugha ya wataalamu. Lakini hesabu yake ni nyepesi. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 ya maji katika kila mita 1 ya mraba. Ekari moja ina mita za mraba takribani 4,047. Kwa hiyo mvua ya milimita 15 huleta lita zaidi ya 60,000 katika ekari moja, sawa na ndoo 3,000 za lita 20. Hakuna mkulima anayeweza kuchota maji hayo kisimani.

Mahindi huhitaji takribani milimita 500 hadi 800 za maji katika msimu mzima, na mtama milimita 450 hadi 650. Muhimu zaidi ni namna mvua hiyo inavyogawanyika, hasa wakati wa kuota na wakati wa kutoa maua.

Kwa upande wa kuota, wataalamu wengi wa hali ya hewa ya kilimo hutumia kipimo cha aina hii: msimu umeanza iwapo mvua imefikia milimita 20 ndani ya siku mbili au tatu, na haikufuatiwa na kipindi kirefu cha ukavu katika wiki chache zinazofuata. Sehemu ya pili ya kipimo hicho haijulikani siku ya kupanda. Hapo ndipo utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) unapohitajika. Lakini sehemu ya kwanza inaweza kujulikana kijijini, asubuhi hiyo hiyo, kwa kuangalia kipima mvua. Mvua iliyopiga kelele usiku kucha juu ya bati inaweza kuwa milimita 6 tu. Mbegu itachipua kwa milimita 6, kisha itakufa.

Chukulia kaya 100 zenye ekari 2 za mahindi kila moja. Ekari moja hutumia kilo 8 hadi 10 za mbegu. Kaya hizo zikipanda kwa kudanganywa na mvua ya kwanza, zitapoteza kati ya tani 1.6 na tani 2 za mbegu, kabla ya kuhesabu gharama za kulima upya na nguvu kazi. Kama kipimo cha mvua kitaziokoa na hasara hiyo mara moja tu katika misimu kadhaa, kipima mvua kitakuwa kimelipa bei yake mara nyingi.

Hata hivyo, ni vyema wanakijiji waelezwe mapema kuwa kituo cha kijijini hakitabiri chochote. Kinapima kilichotokea. Kazi ya kutoa utabiri na tahadhari ni ya TMA, ambayo ilianza kama wakala wa Serikali mwaka 1999 na kuwa Mamlaka kamili kwa sheria ya mwaka 2019. Sheria hiyo pia inaitaka mitambo ya watu na taasisi binafsi kusajiliwa. Kijiji au shirika litakaloweka vyombo bila kuihusisha TMA litakuwa na namba ambazo hakuna mtabiri atakayezitumia.

Mahali pa kuweka

Kituo kizuri huanza na kiwanja kizuri. Kwa miongozo ya WMO, uzio wa mita 10 kwa 7 unaweza kutosha kwa vyombo vya msingi, ilimradi eneo liwe tambarare, lenye nyasi fupi na wazi pande zote. Kipima mvua kinapaswa kuwa mbali na mti au nyumba kwa angalau mara mbili ya kimo chake. Mwembe wenye urefu wa mita 8 unahitaji nafasi ya mita 16 au zaidi. Kipima upepo ni kigumu zaidi: kinatakiwa kuwa juu ya nguzo ya mita 10, mbali na kizuizi kwa mara kumi ya kimo cha kizuizi hicho.

Vipimajoto hukaa ndani ya kibanda cheupe chenye mbao zilizopishana ili hewa ipite na jua lisiingie, katika kimo cha kati ya mita 1.25 na 2 kutoka ardhini. Robanda ipo kama nyuzi mbili kusini mwa ikweta, hivyo jua huwa upande wa kaskazini kwa miezi kadhaa na upande wa kusini kwa miezi mingine. Mlango wa kibanda ukiachwa wazi, joto litakaloandikwa litakuwa la jua na si la hewa.

Masharti hayo yanafanya uwanja wa shule au zahanati kuwa mahali panapofaa kuliko pembeni mwa mashamba. Pana uwazi, pana watu mchana, na tembo hawapazoei. Nguzo ya chuma iliyosimama peke yake porini ni mahali pazuri pa tembo kujikuna, na waya wa uzio haumzuii. Wapo pia nyani na ngedere, ambao huchezea kila kinachong'aa, na mbuzi wanaokula kamba za kuegemeza nguzo.

Maadui wadogo ndio wabaya zaidi. Vituo vingi vinavyojiendesha hupima mvua kwa kibakuli kidogo kinachopinduka kila kinapojaa, mara nyingi kwa kila milimita 0.2. Nyigu wakijenga kiota cha udongo ndani ya mdomo wa chombo, au buibui wakitanda utando kwenye kibakuli, maji hayapiti. Chombo hakitasema kuwa kimeharibika. Kitaendelea kutuma sifuri kwa njia ya simu huku mvua ikinyesha, na mtu aliye ofisini mjini ataamini kuwa Robanda kuna ukame.

Ni kwa sababu hiyo mtandao wa vituo vya Afrika unaojulikana kwa jina la TAHMO, ulioanzishwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Delft, Uholanzi, na Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon, Marekani, ulichagua chombo kisicho na sehemu zinazocheza. Mvua hupimwa kwa kuhesabu matone, na upepo kwa mawimbi ya sauti. Lengo la mtandao huo ni vituo 20,000 kusini mwa Jangwa la Sahara, na vituo vyake vingi, vikiwamo vya Kenya na Uganda, vimewekwa katika shule. Walimu hutumia takwimu darasani, na shule hulinda chombo. Hata hivyo, chombo kisicho na sehemu zinazocheza nacho huhitaji mtu wa kukifuta vumbi.

Mtu wa saa 3:00 asubuhi

Kwa kijiji kama Robanda, zipo njia mbili. Ya kwanza ni kituo kinachojiendesha, chenye umeme wa jua, betri na laini ya simu. Bei yake huanzia mamia ya dola za Marekani hadi maelfu, kutegemea vyombo vilivyomo. Ya pili ni vipima mvua vya kawaida vinavyosomwa na mtu, ambavyo bei yake ni sehemu ndogo tu ya hiyo.

Wafadhili wengi huvutiwa na njia ya kwanza kwa sababu inapendeza kwenye picha. Lakini gharama zake haziishi siku ya uzinduzi. Betri huchoka, laini ya simu huhitaji salio, paneli huhitaji kusafishwa, na vyombo huhitaji kulinganishwa na vile vya viwango ili visiende kombo. Mradi wa miaka mitatu hulipia hayo kwa miaka mitatu. Mwaka wa nne kituo hubaki pambo.

Njia ya pili nayo ina sharti lake, nalo ni mtu. Nchini Tanzania mvua husomwa saa 3:00 asubuhi, kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwamo. Kazi yenyewe haizidi dakika 10. Ugumu wake ni kuifanya siku 365 bila kukosa. Kwa hiyo wanahitajika wapimaji wawili wanaopokezana, wenye posho inayolipwa kwa wakati, na mkaguzi anayewatembelea. Chuo cha Hali ya Hewa kilichopo Kigoma hufundisha wapimaji wa kitaifa. Wa kijijini wanahitaji mafunzo mafupi tu, lakini ya uhakika.

Mafunzo hayo yana mambo yanayoonekana madogo ambayo hubeba thamani yote. La kwanza ni tofauti kati ya sifuri na nafasi tupu. Siku isiyo na mvua huandikwa 0. Siku ambayo mpimaji alikuwa msibani huachwa wazi na kuelezwa sababu. Anayejaza sifuri ili daftari lipendeze ametengeneza ukame ambao haukuwapo.

La pili ni chupa ya kupimia. Kipima mvua chenye mdomo wa inchi 5 kina chupa yake, na cha inchi 8 kina yake. Ya kwanza ikivunjika na mtu akaazima ya pili, kila namba itakosewa kwa zaidi ya mara mbili na nusu. Chupa ya akiba ni kitu cha bei ndogo, lakini kukosekana kwake kunaweza kuharibu kumbukumbu ya msimu mzima.

Historia nayo inafundisha. Hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, huduma ya hali ya hewa ya Tanzania, Kenya na Uganda ilikuwa ya pamoja. Sehemu kubwa ya vipima mvua vya zama hizo ilisomwa na misheni, shule na mashamba makubwa. Namba zao, zilizoandikwa kwa kalamu, ndizo zinazowawezesha wataalamu wa leo kusema kama mvua imebadilika. Mahali ambapo daftari lilikatika, hakuna mtambo wa kisasa unaoweza kulijaza kwa uhakika uleule.

Faida inayozidi shamba moja

Mwaka 2009, katika eneo la Laikipia nchini Kenya, ulianza mradi wa bima ya mazao uliojulikana kama Kilimo Salama, ukiwa na wakulima wapatao 200. Mkulima hakuhitaji kutembelewa na mkaguzi shambani. Kituo cha hali ya hewa cha jirani kilipoonyesha mvua pungufu, fidia ililipwa kwa njia ya simu. Mwaka huohuo ukame ulikuja, na malipo yakafanyika.

Bima ya namna hiyo husimama juu ya vitu viwili: kituo kilicho karibu na kumbukumbu ya miaka mingi. Kituo kikiwa mbali, mkulima anaweza kupoteza mazao yote huku namba za kituo zikisema mvua ilitosha. Kumbukumbu ikikosekana, kampuni haiwezi kujua ukame huja mara ngapi, na itapandisha bei ili kujikinga. Wastani wa hali ya hewa unaotumika kimataifa huhesabiwa kwa miaka 30. Wa sasa ni wa 1991 hadi 2020. Takwimu za setelaiti husaidia kuziba mapengo, lakini nazo huhitaji kusahihishwa kwa mvua iliyopimwa ardhini.

Nani alipe? Robanda ina jibu ambalo vijiji vingi havina. Kijiji hicho, pamoja na Nyichoka, Makundusi, Natta Mbiso na Park Nyigoti, vinaunda Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Ikona, ambayo hupata mapato kutokana na utalii. Posho ya wapimaji wawili, salio la simu na chupa ya akiba ni matumizi madogo kwa taasisi ya namna hiyo. Hoteli za eneo hilo nazo zina maslahi: mvua kubwa kama zile za vuli ya mwaka 2019 hukata barabara na kujaza mito, na anayeendesha magari ya watalii anahitaji namba hizo kama mkulima anavyozihitaji.

Mpango unaofaa, basi, ungeanza kwa udogo. Kila kijiji kati ya hivyo vitano kipate kipima mvua kimoja kinachosomwa na mtu, kilichosajiliwa TMA. Namba zibandikwe kila asubuhi kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, zitumwe kwa simu kwa ofisa ugani wa kata, na zijumlishwe kila baada ya siku 10. Baada ya misimu miwili bila daftari kukatika, kituo kimoja kinachojiendesha kiwekwe katikati, kando ya kipima mvua cha kawaida kitakachokuwa kikikikagua. Kijiji kilichoweza kutunza daftari kitaweza kutunza mtambo.

Halmashauri ya Wilaya ya Serengeti, jumuiya ya Ikona na wafadhili wanaopenda kuona matokeo wanaweza kukubaliana juu ya jambo moja kabla ya kununua chochote: bajeti ya mwaka wa nne. Mtambo uliovunjika unaweza kununuliwa tena. Mvua iliyonyesha Robanda jana bila kupimwa haiwezi kupimwa leo, na mkulima anayefunga maksai asubuhi hii ataamua kwa kuutazama udongo tu.